Nimemaliza riwaya, sasa naamka alfajiri sina cha kuandika

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Morogoro. Nina miaka 38, nimeolewa, na tuna watoto wawili. Naomba usilitaje jina langu. Shuleni hawajui kwamba ninaandika, na sitaki mchapishaji nitakayemzungumzia adhani namsema.

Kwa miaka minne nimekuwa nikiandika riwaya. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, nakaa jikoni na kompyuta niliyopewa na kaka yangu, naandika mpaka muda wa kuwaandaa watoto kwenda shule. Riwaya inamhusu mama ntilie wa stesheni ya Kilosa, nimempa jina Mama Chausiku. Alikuwa akiwauzia wali na samaki abiria wa Reli ya Kati, mpaka mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalipoibomoa reli na treni ikakatika. Mimi nimekulia Kilosa, Shangazi. Namjua mwanamke huyo anavyokaza khanga kiunoni kabla treni haijasimama, anavyobeba sahani tatu kwa mkono mmoja, na anavyokimbia sambamba na behewa akidai sahani yake wakati treni imeshaanza kuondoka.

Mswada niliumaliza nikaupeleka kwa mchapishaji mmoja Dar es Salaam. Walinipokea vizuri, wakasema watanijibu. Huu ni mwezi wa tano, kimya. Nikipiga simu, anapokea dada wa mapokezi, ananiambia mhusika ametoka.

Kimya hicho nakivumilia. Kinachonitesa zaidi ni kwamba mwili wangu bado unaamka saa kumi. Nakaa palepale jikoni. Nafungua faili jipya, naandika ukurasa mmoja au miwili, nikisoma naona ni Mama Chausiku yuleyule anazungumza kwa jina la mtu mwingine. Nafuta. Halafu nafungua faili la zamani, nabadilisha neno hapa, nahamisha mkato pale, ingawa mswada wenyewe hauko tena mikononi mwangu. Mwezi uliopita nilikuwa soko la Chifu Kingalu, nikaona khanga ya zambarau, nikasema moyoni, hii Mama Chausiku angeipenda. Nikauliza na bei. Nilipofika kituo cha daladala nikajikuta nalia, na nilishindwa kumweleza mtu aliyeniuliza kulikoni.

Mume wangu si mtu mbaya. Lakini juzi aliniambia, "Mama Imani, kitabu si umeshamaliza? Sasa ule usingizi wa alfajiri si turudishiane?" Sikumjibu. Yeye ana duka la vifaa vya ujenzi, na anaona sasa ningeweza kumsaidia hesabu za duka asubuhi na mapema.

Kuna kijana niliyemfundisha zamani, sasa ana kundi la simulizi la WhatsApp. Wasomaji wanalipia kwa simu, naye anawarushia sehemu moja kila siku. Ananitaka nimwandikie simulizi ya mapenzi, maneno kama 1,000 kwa siku, atanilipa shilingi 300,000 kwa mwezi. Nilipomwambia sina hadithi mpya, akasema basi nimpe ile ya Kilosa aikate vipande. Makubaliano ya maandishi hakuna, anasema tutaelewana tu, mimi ni mwalimu wake. Anataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Mdogo wangu, ambaye peke yake ameusoma mswada wote, ananishikilia niandike sehemu ya pili. Anataka kujua Tabu, binti wa Mama Chausiku, aliishia wapi baada ya kupanda lori la Dodoma.

Nasikia waandishi wa kweli wakimaliza kitabu leo, kesho wanaanza kingine. Mimi nina miezi siandiki kitu. Naogopa nilikuwa na hadithi moja tu, na imekwisha. Nikubali kazi ya kijana huyu? Niandike sehemu ya pili? Au nimpe mume wangu asubuhi zake, yaishe?

Mwalimu, Morogoro

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na hongera. Naanza na hongera kwa sababu katika barua yako yote sijaona mahali ulipopongezwa. Mume ameuliza kuhusu usingizi, mdogo wako ameuliza kuhusu Tabu, kijana ameuliza kuhusu vipande, mchapishaji hajasema chochote, na wewe mwenyewe umerukia moja kwa moja swali la kama umekwisha. Umeandika riwaya nzima ukiwa na kipindi cha kwanza darasani na watoto wa kuogesha. Wengi wanaotamani kuandika hawafiki ukurasa wa 30.

Kabla ya kuanza safu hii nilifanya kazi ya kuhariri miswada kwa miaka mingi, kwa hiyo hali unayoieleza nimeiona kwa waandishi wengi, wanaojulikana na wasiojulikana. Nyumba baada ya shughuli huwa hivyo: maturubai yameshushwa, masufuria ya kukodi yamerudishwa, wageni wote wameshapanda magari, na mwenye shughuli anazunguka uani hajui ashike nini. Mtu huyo hajaugua wala hajaishiwa. Kwa miaka minne kila alfajiri ulikuwa na miadi na mwanamke wa Kilosa, na sasa miadi haipo. Kulia kituoni kwa sababu ya khanga hakunishangazi hata kidogo. Ningeshangaa kama usingelia, maana wasomaji wanaokuja kumlilia mhusika ni wale ambao mwandishi alimlilia kabla yao.

Nikiisoma barua yako taratibu naona mambo matatu yamechanganyika. Kuna mswada unaosubiri majibu. Kuna mtu unayemkumbuka, ingawa ulimtunga mwenyewe. Na kuna kijana anayetaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Hili la tatu ndilo lenye tarehe, na naona tarehe hiyo imekufanya uyaone yote matatu kuwa ya kuamuliwa leo. Je, ni kweli yote yana haraka sawa?

Tuanze na hao waandishi wa kweli uliowasikia. Wapo. Mwingereza Anthony Trollope, wa karne ya 19, ameandika katika kitabu cha maisha yake kwamba alimaliza riwaya moja siku moja, na siku iliyofuata akaanza nyingine. Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa mezani, kama wewe. Lakini katika kitabu hichohicho ametaja pia kwamba alikuwa na mtumishi aliyelipwa pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe kwa wakati. Wewe unaamka bila kuamshwa, na chai ya watoto unapika mwenyewe. Sisemi hivi kupunguza kazi yake, nasema tu usijipime naye bila kupima na mazingira.

Sasa wapime wa kwetu. Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya nne kati ya 1971 na 1979, ya nne ikiwa Gamba la Nyoka. Riwaya yake iliyofuata, Nagona, ilitoka 1990. Ni miaka 11. Katikati alikwenda Marekani kusomea shahada ya uzamivu, akatoa na diwani ya mashairi mwaka 1988. Na Nagona haikufanana na zile nne: ni fupi, imejaa ndoto na mafumbo, mtu aliyezoea riwaya zake za mwanzo anaweza kudhani imeandikwa na mtu mwingine. Shafi Adam Shafi naye alitoa Kuli mwaka 1979, na Vuta N'kuvute ikachapishwa 1999. Miaka 20. Mwanya kati ya vitabu viwili vilivyochapishwa hauonyeshi mwandishi aliamka saa ngapi wala alifuta kurasa ngapi, na huenda sehemu yake kubwa ni mambo ya matbaa tu. Ila sijawahi kumsikia msomaji akisema wazee hawa walikuwa wamekwisha mwaka 1985.

Umesema kila ukianza upya, anayezungumza ni Mama Chausiku kwa jina jingine, na umelichukua hilo kama dalili ya umaskini. Mimi ningekuuliza: kurasa hizo ulizipa muda gani kabla ya kuzifuta? Sauti uliyoijenga kwa miaka minne haiwezi kutoka kooni kwa wiki chache. Kuna waandishi ambao rasimu zao za mwanzo za kazi ya pili zinanukia ya kwanza mpaka katikati, halafu ghafla mtu mpya anaingia mlangoni. Wengine hali hiyo haiwatoki, na wanabadilisha umbo kabisa, wanaandika hadithi fupi au tamthilia, ili sauti ikose pa kujificha. Wewe ni wa kundi gani sijui, na ukifuta kila kitu alfajiri ileile na wewe hutajua. Pengine jaribu kutofuta. Liweke faili, lipe tarehe, liache lilale.

Kuhusu faili la zamani nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu hapa naijua kazi. Mswada ulioko Dar es Salaam ni ule uliouwasilisha. Wakiukubali, mhariri atafanya kazi juu ya nakala yao, na wewe utakuwa na nakala nyingine yenye mikato iliyohamishwa mamia ya mahali ambayo huwezi tena kuyakumbuka. Nimewahi kuona mwandishi na mhariri wanagombana miezi kwa sababu hiyo. Kama kuna jambo linalokukera kweli kwenye sura fulani, liandike pembeni kwenye daftari: ukurasa, sentensi, unataka iweje. Siku mhariri akikupigia utakuwa na la kumwambia.

Na mchapishaji huyo, miezi mitano kwa riwaya si muda wa ajabu, ingawa ni mrefu kwa anayesubiri. Mswada ukifika hukabidhiwa msomaji wa nje, naye mara nyingi ni mwalimu wa chuo mwenye miswada mingine mezani. Baada ya ripoti yake ndipo ofisi hukaa kuamua. Simu ya mapokezi haifiki huko. Andika barua au barua pepe fupi: jina la mswada, tarehe uliyowasilisha, idadi ya kurasa, kisha swali moja, je, umeshapelekwa kwa msomaji? Swali hilo lina jibu la ndiyo au hapana, na ofisini swali la namna hiyo hujibiwa upesi kuliko "naulizia kitabu changu".

Sasa kijana wako. Naona kwenye barua umeitaja simulizi ya mapenzi ya WhatsApp kwa haraka, kama mtu anayeona haya. Sioni sababu. Fasihi yetu pendwa imelelewa kwa vipande vya "itaendelea" magazetini, na watu walikuwa wakinunua gazeti Jumamosi kwa ajili ya ukurasa huo mmoja tu. Kuandika maneno 1,000 kila siku huku wasomaji wanapiga kelele "weka muendelezo" kunafundisha mambo ambayo jikoni peke yako huwezi kujifunza: sura imalizike wapi, msomaji anachoka lini, mazungumzo yanabeba nini. Shilingi 300,000 nazo ni fedha, na ni fedha ya kwanza ambayo uandishi wako ungeileta nyumbani. Hilo lina uzito mbele ya mume, tusidanganyane.

Hatari zake ni hizi ninazoziona. Maneno 1,000 kwa siku ni maneno 30,000 kwa mwezi, bila likizo, hata wiki ya kusahihisha mitihani. Wewe uliyezoea kukaa na sentensi utalazimika kuiachia ikiwa bado mbichi. Wapo wanaoweza, na wapo ambao baada ya miezi miwili wameichukia kalamu. Halafu simulizi ikisharushwa kwenye kundi, husambazwa kwenye makundi mengine na jina la mwandishi linadondoka njiani. Kisheria kazi ni yako tangu unapoiandika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda hata kama hukuisajili popote. Lakini "tutaelewana tu" haitakusaidia siku mkitoelewana. Kijana anakuheshimu, naamini, na kwa sababu hiyohiyo haitakuwa vigumu kumwomba karatasi ya ukurasa mmoja: simulizi gani, kwa muda gani, malipo lini, na baada ya kurushwa nani ana haki ya kuichapa kitabu.

Na hadithi ya Kilosa ni jambo tofauti kabisa na simulizi mpya. Tafadhali usiviweke kwenye kapu moja. Mchapishaji anapopokea riwaya hutarajia kwamba yeye ndiye wa kwanza kuitoa. Ikionekana nusu yake imeshazunguka kwenye simu za watu, anaweza kuurudisha mswada bila hata kuusoma, na ana sababu. Kama umechoka kumsubiri na unataka kuitoa mwenyewe kwa vipande, hiyo ni njia halali pia, lakini basi mwandikie kwanza kwamba unauondoa mswada. Kuwa na mguu huku na mguu kule ndiko kunakoweza kukupotezea kote.

Sehemu ya pili anayoitaka mdogo wako inanivutia, nakiri, maana hata mimi sasa nataka kujua Tabu alifika Dodoma au la. Lakini fikiria hili. Mhariri akisema mwisho wa riwaya ubadilike, Tabu asipande lori, au apande na mama yake, kitabu chako cha pili kitasimama juu ya nini? Waandishi wenye mkataba mkononi huanza sehemu ya pili kwa usalama zaidi. Vilevile jiulize polepole kama ni Tabu anayekuita, au ni njia ya kukaa na Mama Chausiku siku chache zaidi. Hata kama ni hilo la pili si dhambi. Unaweza kuandika kurasa za Tabu kwa ajili yako tu, bila kuziita kitabu.

Nimemwacha mumeo kwa makusudi, kwa sababu nadhani yeye ndiye uliyemsikia vibaya kidogo, kama si sana. Umesikia "acha kuandika". Maneno uliyoyanukuu yanasema "turudishiane". Mwanamume aliyelala peke yake kila alfajiri kwa miaka minne bila kugomba, huenda anakwambia amekukosa, na hesabu za duka ndiyo lugha aliyonayo. Au huenda kweli anataka mtu wa hesabu. Hujamuuliza. Je, anajua kilichotokea kituo cha daladala? Amewahi kuelezwa Mama Chausiku ni nani? Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi wanajua sana kusubiri mteja aliyesema atarudi. Anaweza kuuelewa ukimya wa mchapishaji kuliko unavyodhani.

Ila nikuambie na upande wa pili, kwa sababu nimewaona wanawake wengi wakipoteza hapa. Kurasa zinaweza kusubiri, lakini saa ikishapewa kazi nyingine haisubiri. Ukiikabidhi saa kumi yote kwa hesabu za duka leo kwa kuwa huna cha kuandika, siku hadithi itakapokuja utaikuta saa hiyo ina mwenyewe, na kuidai upya kutaonekana ni kumnyang'anya mtu. Labda kuna alfajiri mbili za wiki za kulala, na nyingine za kukaa jikoni hata kama unasoma tu. Labda duka linaweza kupata Jumamosi mchana. Hayo mtapanga wawili, mimi siwezi kuyapanga nikiwa huku.

Kusoma nako nakuomba ukufikirie kwa uzito. Barua yako haina kitabu hata kimoja ulichokisoma tangu umalize. Miaka minne ulikuwa unatoa, na nadhani kwa kuogopa kuiga ulikuwa umefunga mlango. Nenda Kilosa pia, kama nauli inaruhusu, bila daftari la riwaya. Kaa na wanawake wa pale stesheni uwasikilize wanazungumza nini mwaka huu, maana wana mambo mapya ambayo Mama Chausiku hayajui. Hatari ya njia hii ipo: kusubiri kunaweza kugeuka desturi, na kusoma kukawa kisingizio kizuri cha mtu mwenye elimu. Unajijua, utaona dalili.

Jambo moja la mwisho nalisema kama mzazi. Huzuni ya namna hii kwa kawaida hupungua kidogo kidogo. Ukiona inaongezeka, chakula hakipiti, usingizi hauji hata kabla ya saa kumi, darasani unasimama akili haipo, au unaanza kuona maisha hayana maana, basi usimngoje mchapishaji wala usiningoje mimi. Nenda hospitali ya mkoa ueleze hivyohivyo ulivyonieleza, na mwambie mumeo akusindikize.

Kijana muombe karatasi kabla ya kumpa ndiyo au hapana, na uone atakavyoipokea ombi hilo. Akikuletea, nitumie nakala bila majina, tuisome pamoja kifungu kwa kifungu. Na kwenye barua hiyo niambie mumeo alisema nini ulipomweleza kuhusu khanga.